Fimbo ya Fainali ya Mzee Bredani

Sisi tuliokulia Point, kando ya bandari ya Durban, kabla hawajajenga yale magorofa ya vioo tulikuwa na uwanja wetu. Tuliuita uwanja, lakini kilikuwa kiwanja kitupu nyuma ya fleti, kimejaa mchanga, vipande vya chupa na harufu ya mafuta ya meli. Tukitoka shule tulikutana hapo, watoto wa Kitanzania, wa Kikongo na Wazulu wawili watatu waliotuvumilia, sare bado mwilini na magwinya, yale maandazi ya huku, ya moto mkononi. Mama zetu walitupigia kelele madirishani, kila mmoja kwa lugha yake, na sisi tulijifanya hatuelewi hata moja. Na hatukucheza soka, jamani. Tulicheza haling.

Najua utauliza haling ndiyo nini. Ni mchezo wa kwao Mzee Bredani, Mzungu wa Ayalandi aliyekaa fleti ya chini, mlango wa kwanza ukiteremka ngazi. Alikuja Durban kutengeneza injini za meli. Meli zikaondoka, yeye akabaki. Kiswahili alikiokota kwa jirani yake Mama Beya, Mkongo aliyesuka watu nywele sebuleni kwake, kwa hiyo alikisema vilevile kama yeye. "Iko hivi, batoto," alianza, na sote tukakaa chini. Kila mchezaji ana fimbo yenye bapa mwishoni, kama mwiko mkubwa wa ugali, na kwa fimbo hiyo anapiga kijimpira kigumu hata kikiwa hewani. Ukikipitisha chini ya mwamba wa goli, pointi tatu. Juu ya mwamba, moja. Enzi zake hawakuvaa kofia ya chuma wala nini. Meno yako ulijua mwenyewe.

Alicheza miaka kumi na miwili, kwanza timu ya kijiji, halafu timu ya jimbo lake, na sisi tuliijua miaka hiyo kuliko jedwali la kuzidisha. Tulijua kidole kipi kilivunjika lini. Tulijua siku aliyofunga mara mbili huku shavu limepasuka, akashonwa pembeni ya uwanja na daktari wa ng'ombe, kwa sababu daktari wa watu alikuwa harusini. Tulijua pia kwamba hakulipwa chochote. Jumapili uwanja mzima unaliimba jina lake, Jumatatu alfajiri yuko zizini anakamua ng'ombe wa baba yake. Siku baba yangu aliposikia hayo, alitua chini mfuko wake wa viatu vya kuuza, akashika kiuno. "Unang'olewa meno bure? Mzee mwenzangu, hao watu walikuonea!" Mzee Bredani alicheka mpaka akakohoa.

Sasa, fimbo zetu alituchongea yeye mwenyewe kutoka mbao za paleti za kubebea mizigo bandarini. Zilipasuka kila wiki, na kila zilipopasuka alikata ukanda wa bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia, akauzungusha kwenye bapa, akapigilia vimisumari. Yangu ilikuwa na mabati matatu na niliringa nayo. Lakini juu ya televisheni yake ilining'inia fimbo nyingine, nyeupe, laini, bila hata mkwaruzo. "Hii iko ya fainali," alituambia. "Baba yangu alinichongea. Hapana gusa." Basi, yaliyobaki tukajazia wenyewe. Tukamfungisha goli la ushindi, tukamkabidhi kombe, tukakaribia kupigana kwa sababu ya kubishana alilinyanyua kwa mkono gani.

Jumamosi moja wakaja wapwa wa Mama Beya kutoka Isipingo, wavulana wenye vifua, waliofundishwa mchezo na Mzee huyohuyo na kujiona wameushinda. Mimi nilikuwa na miaka kumi, msichana peke yangu, na bila kujisifu sana, mfungaji wetu mkubwa. Asubuhi hiyo fimbo yangu ikakatika katikati ya mpini, na mpini hauzibwi na bati. Mzee alikuwa amepanda teksi kwenda mjini kutafuta misumari. Nafasi yangu ilikuwa inakwenda kwa Juma, mtoto mzuri tu, lakini mpira ukija alifumba macho! Mlango wa Mzee haukufungwa kamwe. Nikaingia, nikapanda kiti, nikaitungua fimbo ya fainali.

Wee! Ilikuwa nyepesi, na mpira ulitoka kwenye bapa lake bila kelele. Nilifunga goli, chini ya mwamba, pointi tatu halali. Kisha lile jitu lao la Isipingo likaja na fimbo yake, tukagongana, kraa! Bapa likapasuka vipande viwili vikining'inia. Mchezo ukasimama. Mama Beya, kitana bado kwenye nywele za mteja, akachungulia dirishani. "Eh, Mwanaidi! Leo utatueleza."

Sikuogopa kipigo. Vipigo tulivizoea, tena vya kwa mama vilikuwa na ratiba. Niliogopa Mzee asinifungulie tena mlango wake. Ndiye mtu mzima pekee ambaye hakuwahi kuniambia nikae kama msichana. Nikaketi kwenye ngazi na ile fimbo mapajani, nikamngoja.

Alikuja na mfuko wake wa misumari, akaiona, akakaa kando yangu. Akapitisha kidole kwenye ule ufa. Kisha akauliza, "Ulifunga?"

"Ndiyo, Mzee. Moja."

"Chini ama juu?"

"Chini."

Akatikisa kichwa polepole. "Iko hivi, Mwanaidi. Ile fainali mimi sikucheza. Nilikaa benchi, filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Tulishinda, bakanipa medali, nikarudi kukamua ng'ombe. Kisha hawakuniita tena. Baba alikuja na basi, mbali sana, aone fimbo yake ikipiga mpira. Hakuiona. Mpaka alikufa, ile maneno hatukuongea."

Akajifuta macho kwa mkono wa shati. Na mimi nikalia, kwa kwikwi na kamasi, nikiomba msamaha kwa Kiswahili, Kiingereza na Kizulu. Akaniacha nimalize, kisha akaniambia nilete koleo na kopo. Akakata bati pana kuliko yote, akalizungusha, nami nikamshikia misumari. "Kwetu fimbo haina bati ni fimbo haijacheza," alisema akigonga. Kisha hakuirudisha ukutani. Akaniwekea mikononi. "Jumamosi ingine, hii ni yako. Bafunge tena hao ba Isipingo."

Tukawafunga. Fimbo ile ilipasuka mara nne zaidi, na mwisho ikaisha kabisa, tukaichomea nyama, na Mzee ndiye aliyewasha kiberiti huku anaimba. Nilipoingia haiskuli alirudi kwao kukaa na dada yake. Alitupigia simu kila Krismasi, mpaka Krismasi moja simu haikuja. Mama Beya alifunga saluni siku mbili.

Leo nakaa Queensburgh, nyumba ina geti na majani yaliyokatwa vizuri, na watoto wangu wana kila kitu. Simu ina kava, kava lina kava. Mkubwa tulimnunulia gongo la kriketi. Liko chumbani ndani ya nailoni yake, ati asiliharibu. Nikawa nawacheka: eish, kizazi gani hiki, magoti laini kama ya mtoto mchanga! Halafu Jumapili iliyopita nikapita sebuleni, nikalitazama kabati langu la vioo. Ndani kuna vikombe vya wageni, vyenye ukingo wa dhahabu, tangu harusi yangu. Wageni gani? Miaka kumi na mitano hajafika mgeni wa kuvistahili.

Nikavitoa vyote, nikavipanga mezani, nikamimina chai ya maziwa, nikawaita wanangu. Kabla sijakaa, kikombe cha mdogo kikamteleza, kikapasuka sakafuni. Akaganda, akinitazama usoni kujua kama bado nampenda. Mdomo wangu ulishafunguka kupiga kelele.

"Chukua kingine, mwanangu," nikamwambia. "Chai bado ya moto."