Mguu Mbovu wa Baba

Pale kwenye karakana ya sanamu za saruji, binti wa mwenye karakana walimwita Wembe. Ukifungua mdomo tu, umeshakatwa. Mteja akija na picha ya marehemu wake, akaomba sanamu "iwe inatabasamu kidogo," Wembe alimpandisha na kumshusha kwa macho.

"Unataka mtu au tangazo la dawa ya meno?"

Lakini aliyekatwa kuliko wote ni kaka yake. Huyo walimwita Machozi, kwa sababu kila alichokijenga kililia. Mama aliyebeba mtoto, analia. Mchezaji aliyenyanyua kombe, analia. Hata simba wa lango la shule alikuwa na tone chini ya jicho! Na miili yenyewe sasa: miguu sawa, mabega sawa, mikono imening'inia kama soksi kwenye kamba.

"Kaka, huzuni haikai jichoni peke yake," Wembe alimwambia, mwiko mkononi. "Iko mgongoni. Iko kwenye vidole vinavyokunja upindo wa shati. Mtu akiegemea mguu mmoja, nyonga inapanda, bega linashuka. Wewe unajenga nguzo za umeme, tena nguzo zinazolia."

"Wateja wanapenda."

"Nzi nao wanapenda jalala."

Baba yao alipofariki, mama yao alitaka sanamu yake ikae mlangoni. Kila mmoja ajenge ya kwake, alisema. Itakayoshindwa itavunjwa iwe kifusi, kijaze lile shimo la njiani mbele ya karakana. Wembe alicheka mpaka akakaa chini. Shimo, alisema, limeshapata kifusi chake.

Yeye alijua anachokitaka. Mzee alikuwa na mguu mbovu tangu ujanani, na kuinuka kwake kigodani kulikuwa kazi nzima: kiganja kinakandamiza goti zima, mguu mbovu umetangulia umelegea, kiuno kimeacha kigoda, shingo imechomoza kama ya mtu aliyeitwa. Hajakaa, hajasimama. Hapo hapo katikati ndipo Wembe alipotaka kumkamata. Akakaa mbele ya kioo cha kabati, akajikunja kama baba yake, akatazama mishipa ya shingo inavyokaza, akarudi kwenye nondo na waya kujenga alichokiona. Aliyechungulia alifukuzwa kwa maneno yasiyoandikika.

Siku ya kuzifunua, mama alianza na ya Machozi. Mzee alisimama wima, mikono ubavuni, mashavu yamelowa saruji.

"Huyu analilia nini?"

"Anatukumbuka, mama."

"Baba yenu? Aliyesinzia siku ya harusi yetu?"

Wembe alikohoa kwa raha, akavuta turubai lake. Seremala wa jirani alinyoosha mkono amdake mzee asianguke, kisha akaurudisha mfukoni kwa aibu.

Mama akaizunguka sanamu. Akaizunguka tena.

"Mguu ulipona lini?"

"Mguu gani, mama?"

"Baba yako alichechemea wa kushoto mpaka anazikwa. Huyu wako mbovu ni wa kulia."

Wembe akatazama goti, akatazama mlango wa chumba kilichokuwa na kabati. Kioo! Kilimgeuzia kushoto kuwa kulia, naye bingwa wa kukosoa akakifuata kama kondoo.

Machozi akapiga makofi. "Nguzo yangu angalau miguu yake ni ya mwenyewe!"

"Nyamaza wewe," mama akasema. "Dada yako amekosea mguu. Wewe umekosea mtu."

"Basi nitabadilisha mguu," Wembe akasema upesi.

"Mguu tu? Na nyonga? Na bega? Si ndiyo nyimbo unazotuimbia hapa kila siku?"

Wembe akaokota nyundo. Hakuanza na ya kaka yake. Alianza na ya kwake, shingoni, pale alipopapenda zaidi. Shimo la njiani likameza wazee wote wawili.

Kisha akaburuta kigoda hadi uani, kwenye mwanga, mbali na kioo.

"Kaka, kaa hapa. Inuka kidogo. Basi, usisimame! Tanguliza mguu wa kushoto. Wa kushoto, wewe! Na ukithubutu kulia, nakujenga humo humo ndani ya saruji."