Shangazi Alivyonifunda Intavyuu

Shangazi yangu ni somo hapa Msambweni. Kazi yake ni kufunda maharusi: namna ya kuingia kwa wakwe, ya kukaa, ya kujibu na ya kunyamaza. Yeye mwenyewe hajafanya intavyuu hata moja maishani mwake. Lakini aliyenipatia kazi ni yeye, na anayebisha aje tubishane.

Nilikuwa nimeshakataliwa na hoteli za Diani mpaka nikachoka kuvaa viatu. Pasipoti ilikuwa tayari, na wakala alikuwa ameshanitafutia nyumba ya kufanya kazi Uarabuni. Mwanangu alikuwa hajaanza hata shule. Ilibaki hoteli moja tu, kazi ya mapokezi. Nikiikosa, naondoka na mtoto namwacha.

Shangazi aliniambia nimsomee barua yangu ya maombi. Niliitoa saiba ya Ukunda, kwenye duka la kompyuta, ile ile wanayopewa wote: mimi ni mchapakazi, mwaminifu, nafanya kazi bila kusimamiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo ni nani? Mbona mimi simjui?"

Wallahi nilikasirika. Nikamwambia barua za kazi ndivyo zinavyoandikwa, na mambo ya ofisi yeye hayajui. Wala hakushughulika na hasira zangu. Alinikumbusha harusi ya binamu yangu, wageni wa Vanga walipotufikia na mvua, turubai likaanguka, na mimi nikawagawa kwa majirani, wazee kwanza, asilale mtu na njaa wala nguo mbichi. Akasema hilo ndilo la kuandika. Nikaliandika, huku nimenuna.

Kisha akaanza kunifunda. Yeye alikaa kitandani akajifanya meneja. Mimi napiga hodi, naingia, natoka, naingia tena. Nikichezea ncha ya mtandio, napigwa kofi mkononi. Nikijibu kabla swali halijaisha, narudishwa mlangoni. Kazi kubwa ilikuwa kujieleza. Sisi tumelelewa kwamba kujisifu ni utovu wa adabu. Ukisifiwa, unasema ni Mungu tu. Shangazi alilijua hilo, maana maharusi wake wote wako hivyo hivyo. Akaniambia nieleze nilichokifanya kama kilivyokuwa, nisiongeze, nisipunguze, halafu ninyamaze. Mwanamke yule ana akili, jamani.

Hotelini nilikalishwa mbele ya watu watatu. Bwana mmoja wa bara aliishika barua yangu, akaniuliza kwa nini wanichukue mimi na kuwaacha wale walioko nje. Zamani ningejibu kwamba sote ni wazuri, waamue wao. Siku hiyo nilimwambia wale wa nje siwajui, ila najua nilichokifanya wageni wetu walipotufikia na mvua. Nikaeleza, nikanyamaza. Kimya kile sikukijaza maneno. Mara yule bwana akataka kujua wazee niliwalaza wapi. Hapo nikajua kwamba ananisikiliza.

Simu ya kuniita kazini ilipokuja, nilikimbia kwa shangazi. Nilidhani atapiga vigelegele, kama anavyopiga kila bibi harusi akichukuliwa. Badala yake alikaa chini akalia kwa sauti, mtu ambaye sijamwona akilia katika harusi yoyote. Nikamuuliza kulikoni.

"Wote niliowafunda waliondoka," akasema. "Wewe umebaki."