Ngitili Tuliyoifungua Masika

Hotuba ilisomwa mchana, mvua za masika zikiwa hazijakatika. Baba mkwe alikuwa ameanika betri za redio juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo, maana serikali ilikuwa mpya, Waziri Mkuu mpya, mawaziri wapya, na siku hiyo Bunge lilikuwa linafunguliwa. Katika kaya yetu mimi peke yangu ndiye niliyefika kidato cha nne, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na redio na kugeuza Kiswahili cha bungeni kuwa Kisukuma.

Nilipiga magoti pembeni, mtoto mgongoni. Alikuwa na miezi minane. Maziwa yangu yalikauka nilipougua malaria, akawa anaishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja mwekundu wa baba mkwe. Ng'ombe yule akikosa majani, mwanangu anakosa chakula. Hesabu yangu yote ilikuwa hiyo.

Waziri Mkuu alizungumza sana. Viwanda, shule, kilimo cha kisasa. Kisha akasema maeneo ya malisho yatapimwa na kupangwa upya kwa manufaa ya wote. Hakusema lini. Hakusema wapi. Akaendelea na barabara.

"Rudia hapo, mayu," baba mkwe akasema, akiniita mama kama Wasukuma wanavyomwita kila mwanamke wa kuheshimiwa.

"Anasema malisho yatapimwa na kupangwa upya, baba."

"Na sisi walitusemaje mwaka ule?"

Nilijua anauliza nini. "Kwamba watu watapangwa upya."

Akazima redio. Mama mkwe aliacha kupepeta mtama. Mwaka ule wa kupangwa upya, mgambo walipanda juu ya nyumba yetu wakang'oa paa huku uji uko mekoni, tukahamishiwa kijijini kwenye mistari iliyonyooka. Kule tulikotoka kumebaki mahame, ila nyasi zake tulizishikilia. Pale ndipo ilipo ngitili yetu: eneo linalofungwa tangu mvua za kwanza, ng'ombe asitie mguu, ili kiangazi kikikaza pawe na majani ya kuwavusha. Msukuma mwenye akili hafungui ngitili masika. Afadhali ale mbegu.

Kesho yake alfajiri baba mkwe akaifungua.

Nilimfuata zizini. Nikapiga magoti kwenye samadi, nikamwamkia, "Mwangaluka, baba," kisha nikasema ambayo mkwe hasemi. "Majani yote yapo nje huku, ya bure. Kwa nini tule akiba?"

"Wakija kupima, wakute nini? Wakute majani yanawasubiri wao?"

"Waziri hakusema watakuja hapa Nkololo."

"Wewe ndiye uliyetuambia, mayu. Masikio yalikuwa yako."

Jirani yetu aliyekuwa anapita na jembe akacheka. "Mwacheni msomi wenu! Kaleta Bunge mpaka zizini!" Akacheka, lakini jioni na yeye akafungua ya kwake. Ndani ya wiki moja karibu kila mwenye ngitili alikuwa ameingiza ng'ombe, watu wazima wakishindana kumaliza majani yao wenyewe kabla serikali haijayaona. Hata leo nikiandika haya najikasirikia. Ningeweza kulainisha lile neno. Ningeweza kuliruka kabisa, nani angejua? Nililitafsiri vizuri kwa sababu nilikuwa najivuna kwamba nimelielewa.

Hakuja mtu. Hakuja mpimaji, hakuja hata katibu kata na daftari. Kila gari lililosikika barabara ya Bariadi tulisimama kulisikiliza, likapita. Pamba tukavuna. Agosti ngitili ilikuwa vumbi tupu, na ng'ombe mwekundu akawa anatoa maziwa ya kulowesha tu sehemu ya chini ya kibuyu. Nilichanganya na maji. Mtoto akaacha kulia usiku, na ukimya wake ulinitisha kuliko kilio chochote.

Baba mdogo wa mume wangu, kule Lingeka, hakuwa na redio, basi ngitili yake ilikuwa nzima. Ikaamuliwa ng'ombe wote wapelekwe kwake mpaka mvua zirudi. Wote. Mume wangu alikuwa kibaruani ginari, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hakuwapo hata wa kunisemea.

"Mwekundu abaki," nikasema.

"Akibaki atakufa," baba mkwe akajibu. Na alisema kweli.

"Basi naenda naye."

Mama mkwe akashika kiuno. "Mwanamke nyuma ya ng'ombe? Watasema umeachika."

"Waseme, mayu. Mtoto akifa watasema nini?"

Aliingia ndani akarudi na khanga yake ya pili, akamfunga mtoto mgongoni mwangu, akakaza sana, kama mtu anayegombana na fundo.

Tulitembea siku mbili. Kila tulipopumzika nilipeleka kidole puani kwa mtoto kuhakikisha anapumua. Njiani wanaume waliokuwa wanaswaga ng'ombe waliniuliza nimeiba ng'ombe wa mahari ya nani. Sikucheka.

Kule Lingeka baba mdogo alitutazama, akamwachia mwekundu aingie kwenye majani. Siku tatu hakikutoka kitu. Siku ya nne nilimkamua mwenyewe, yakatoka maziwa ya kujaa kiganja, mazito, ya moto. Nikamnywesha mtoto palepale zizini. Alimeza mara mbili, akasita, akameza tena. Nikabaki nimeshika chuchu ya ng'ombe, naogopa kuiachia.