Birika la Ubatizo Tuliloliacha

Birika la ubatizo la kanisa letu la zamani lilikuwa la jiwe zima. Lililetwa kwa mashua, likashushwa kando ya mto pale Golbanti, na babu yangu na wenzake watatu wakalibeba mabegani mpaka kanisani. Bega lake la kulia lilibaki limeinama maisha yake yote. Alipenda kutuonyesha sisi wajukuu, maana sote tulibatizwa humo.

Mafuriko yalipotuhamisha kutoka kijijini, tuliokoa mabati, viti, kengele, hata milango. Birika tukasema tutalirudia. Leo, katika kanisa jipya, tunabatiza kwa beseni la plastiki. Nimeshalizoea, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mwaka jana nikasikia kwamba wafugaji wananyweshea ndama humo. Nilipandwa na hasira. Nikakusanya wanaume watano, tukaenda. Pale palipokuwa kanisa tulimkuta mama mmoja amepiga magoti, analisugua birika kwa mchanga, ndama wake wakingoja. Nikamfokea kwamba kile ni kitu kitakatifu, kwamba hawana heshima. Aliendelea kusugua mpaka nikamaliza.

“Tulilikuta limejaa tope, baba,” akasema. “Mimi nalisafisha kila asubuhi. Kama ni lenu, chukueni.”

Akainuka, akawasogeza ndama kando, akatupisha.

Tulikuwa wanaume sita. Tukalizunguka lile jiwe, tukatazamana. Hakuna aliyeinama.