Kompyuta Nne za Ushirika

Hasira yangu kwa yule mkaguzi haijaisha mpaka leo, na sitaki iishe.

Ushirika wetu wa Kilosa ulinunua kompyuta moja yenye nguvu, mimi nikaifunga. Siku hizo nilikuwa na wazimu wa mashine pepe: ndani ya boksi moja unaunda kompyuta kadhaa, kila moja na kazi yake, moja ikizimika nyingine hazina habari. Nikaunda nne. Nikazipa anwani za IPv6, itifaki mpya ya mtandao ambayo mafundi wenzangu walikuwa bado wanaikwepa, na tawi letu la Mikumi likazifikia kama ziko chumba cha pili. Jamani, nilitamba! Kila aliyepita ofisini nilimvuta aje aone.

Mtunza stoo wetu alikuwa mama mmoja mtu wa Berega, ambaye hata ufagio ukivunjika lazima auandike. Mkaguzi alipokuja akafungua daftari la mali la mama huyo, akasoma: kompyuta nne. Mezani ipo moja. Akauliza tatu ziko wapi. Mama akanitazama mimi.

Nikawasha skrini, nikaziita zote nne, kila moja ikaitika kwa anwani yake. Mkaguzi hakugeuza hata shingo. Akasema, "Nataka nizishike kwa mkono." Nikapandisha sauti, nikamwambia ni aibu mtu mzima kukagua asichokijua. Kamati ikaniamuru nikae. Mama akasimamishwa kazi siku ileile, na habari zilipofika sokoni alikuwa tayari mwizi wa kompyuta tatu.

Nikamlaani mkaguzi, nikailaani kamati, nikaulaani ujinga wa Kilosa nzima. Wiki mbili nzima nililaani watu, ili nisiseme nilichokijua tangu mwanzo. Siku ile nilipomaliza kuifunga kompyuta, mama alikuja na daftari lake, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, niandike ngapi?"

Nami, kichwa kimevimba, nikamjibu, "Andika nne, mama."

Ulimi huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Nikaiandikia kamati barua: kompyuta ni moja, hizo nyingine nilizitaja mimi kwa kujisifu. Wakampelekea mama funguo zake za stoo, arudi kazini. Akakataa kuzipokea.

Juzi nilimkuta soko la Mikumi akichagua nyanya. Nikamwamkia shikamoo. Akanitazama vizuri, akamaliza kuchagua, akaondoka. Nikabaki nimesimama pale na shikamoo yangu.