Wekundu Ndani ya Tangi la Samaki

Mama Mapazia alianza biashara na mabega yake tu: vitambaa bega hili, vitambaa bega lile, na katikati mdomo wa kuviuza. Alipopata kibanda hakutulia, na alipopata duka lenye milango miwili hakupunguza mdomo. Ukiingia kwake kuulizia pazia, ulitoka na pazia, foronya na kitambaa cha meza usiyokuwa nayo. Hata lile tangi la kioo la samaki sebuleni kwake hakulinunua. Alibadilishana kwa mapazia na mwalimu aliyekuwa akihama, na mwalimu yule aliondoka akimshukuru.

Aliyelipenda tangi ni mumewe, fundi redio ambaye macho yalikuwa yameanza kumwangusha kazini. Alivuta kiti mbele yake akawatazama samaki kama wengine wanavyotazama mpira. Yeye ndiye aliyeona kwanza kwamba maji yamebadilika. Hayakuwa machafu. Yalikuwa mekundumekundu, kama maji yaliyooshea kidonda, na samaki walikuwa wamepanda juu wakihema midomo wazi.

"Mke wangu," alisema, "hawa wenzetu wanakufa."

Mama Mapazia hakuwa mtu wa kukunja mikono mali ikiharibika. Alikinga maji ya bomba kwenye beseni jeupe, yakatoka safi. Alichota kokoto za chini ya tangi akaziloweka kwenye bilauri, maji hayakubadilika. Alimwaga maji yote ya tangi akajaza mengine, na kulipokucha wekundu ukawa umerudi. Kilichobaki, kwa akili yake, ni chakula: vile vipande vyekundu vyembamba alivyonunua kwa muuza samaki wa mapambo, baada ya kumkaba kwa bei hadi yule bwana akacheka kwa kuchoka. Akajifunga kibwebwe akaenda.

Dukani kwa muuza samaki palikuwa na wateja, na ndivyo alivyotaka. Alimwambia mbele yao kwamba chakula chake kimepakwa rangi, na kwamba mfanyabiashara wa kweli anaweza kuapia kitu anachouza, kama yeye anavyoapia vitambaa vyake.

Kuapa alikuwa ameapa kweli, tena juzijuzi. Wifi yake, fundi cherehani, alikuwa amepata kazi kubwa ya kwanza maishani: sare za wahudumu wa hoteli, gauni la rangi ya damu ya mzee lenye kola nyeupe. Alinunua karibu jora zima kwa Mama Mapazia, na aliuliza jambo moja tu, kama rangi haitahamia kwenye kola. Mama Mapazia aliweka mkono kifuani. "Wifi, hakichuji. Kikichuja, njoo univue nguo sokoni." Hakuwa amekiosha hata kipande. Mfanyabiashara wa jumla aliyemuuzia yeye jora lile alikubali bei upesi mno, na mtu wa biashara anajua maana yake. Alijua, akanyamaza.

Muuza samaki, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, hakubishana. Alitupia chakula kilekile kwenye ndoo ya maji, wakasubiri wote pamoja na wateja, maji yakabaki meupe. Kisha akasema heri aende akalione tangi lenyewe.

Alivua viatu mlangoni, akainama, akainua kifuniko. Nyuma ya tangi, ili kuficha nyaya na mpira wa pampu ya hewa, Mama Mapazia alikuwa ametundika kipande kilichobaki cha jora lile, upindo wake ukabanwa chini ya kifuniko. Viputo vya pampu vilikuwa vikipasuka na kukirushia maji, nacho kilikuwa kikiyadondosha tena tangini, tone kwa tone, mekundu. Muuza samaki alikiminya kwa vidole viwili, akavitazama vidole.

"Mama, hiki kitambaa ni cha wapi?"

Majibu alikuwa nayo, hayajawahi kumwishia. Kabla hajachagua, mumewe akajibu kutoka kitini, kwa fahari ya mtu anayemsifia mkewe kwa mgeni.

"Cha dukani kwake hicho. Angalia kwingine, bwana. Hicho hakichuji."

Muuza samaki aliinamisha macho kwa samaki, akawa anajipangusa vidole kwenye suruali polepole. Hakucheka. Angecheka, Mama Mapazia angepata pa kumshika, wangegombana na mambo yangeisha kigomvi. Huruma ile ilimchoma hadi masikioni. Alichomoa kitambaa, akaomba radhi kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia, na mumewe akawa anawatazama wote wawili asielewe.

Angeweza kunyamaza tena. Sare zingefuliwa hotelini, kola zingegeuka, na lawama zingeangukia mkasi wa wifi. Alilipima hilo njia nzima huku miguu ikiwa imeshampeleka.

Alimkuta wifi yake akikanyaga cherehani, magauni yametundikwa kuta zote.

"Wifi, kile kitambaa kinachuja."

"Najua," alisema wifi, na cherehani haikusimama. "Nilikiloweka mpaka maji yakawa meupe, ndipo nikakata."

"Ulijua lini?"

"Sikujua. Kila ninachonunua kwako nakiloweka, tangu ukiwa na kibanda."

Mama Mapazia angeona afadhali matusi. Aliuliza ni nani mwingine anayefanya hivyo, naye wifi akamuuliza ni fundi gani asiyefanya. Miaka yote ile mkono kifuani, na watu walikuwa wakiitikia kwa heshima, kisha wanakwenda nyumbani kutafuta beseni.

"Mbona hukuniambia?"

Wifi alikata uzi kwa meno. "Ungepunguza bei?"



"Hapana," alisema.

Alikuwa amesema kweli, na haikumsaidia kitu. Wifi alimsogezea kigoda kwa mguu, akaendelea kushona. Mama Mapazia akakaa, akitafuta pa kuweka macho, na kila alipogeuka palikuwa na gauni la damu ya mzee, kola yake nyeupe pe.