Kamba ya Duara

Kijijini kwetu, upande wa Rwamgasa, adhabu kubwa si viboko. Ni kutengwa. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakishatamka, hakuna wa kukupa moto wala chumvi, na salamu yako haiitikiwi. Ukifiwa, kaburi utachimba peke yako.

Mjomba wangu alitengwa kwa ajili ya feni. Yeye ndiye alikuwa akilinda feni ya kusukuma hewa kwenye duara, shimo letu la dhahabu, na siku moja ilizimika kijana wa jirani akiwa chini. Walimtoa amekwisha kufa. Mjomba aliapa kwamba hakugusa swichi. Nani amsikilize? Walisema alilala, walisema alihongwa, na mengine ambayo sitayaandika.

Kazi yangu ni kompyuta, nakaa Kahama. Feni ile iliendeshwa na kikompyuta cha Linux, kwa hiyo nikawaomba sungusungu: duara bado limefungwa, niacheni niiwashe nione nani anaizima. Mzee wao alicheka.

"Haya, wakili wa feni."

Nikaweka programu ya kufuatilia kiini cha mfumo: kila amri inayopita mle ndani inaandikwa, pamoja na aliyeitoa. Mara mashine ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, ikaganda tena. Sungusungu waliokuja kushuhudia wakaanza kuangalia njia ya kurudi. Nikasonya, nikaitukana ile mashine matusi ambayo mama asingependa kuyasikia. Niliogopa, huo ndio ukweli. Nikishindwa, mjomba angezeeka na kufa bila kuitikiwa.

Nikafungua kilichoandikwa kabla haijaganda. Mstari ule ule mpaka chini: programu imeandika, programu imeandika. Jamani! Ilikuwa inajifuatilia yenyewe. Kila ikiandika, kule kuandika nako ni amri, basi inaandika kwamba imeandika, bila mwisho.

Macho yangu yakaangukia kamba ya duara. Niliwahi kuishika ujanani. Aliye chini akivuta, wa juu anavuta kumjibu, imeishia hapo. Jibu halijibiwi, la sivyo mtavutana kutwa na hakuna atakayejua nani ana shida. Nikaiagiza programu isifuatilie kazi zake yenyewe.

Ikatulia. Tukakaa kuitazama feni, mjomba akiwa mbali kule, maana hakuruhusiwa kusogea. Alasiri ikazimika, na swichi haijaguswa na mtu. Nikawasomea kilichoandikwa: kipima joto kilikuwa kibovu, kompyuta ikadhani mota inaungua, ikatoa amri ya kuzima. Mzee aliyenicheka akageuka kumtazama mjomba kule mbali.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akasema.

Lakini kwetu sungusungu peke yao hawatoshi, mpaka mfiwa naye aitikie. Tukampeleka mjomba kwa mama wa marehemu. Tulimkuta anapepeta mchele. Mjomba akasimama nje ya uzio wa minyaa.

"Mwadila, mayu," akamsalimia mama kwa Kisukuma, salamu ya jioni.

Mama akaendelea kupepeta. Nilitaka kusema kitu, nimweleze habari za kipima joto, mzee akanishika mkono. Mwisho mama akauweka ungo chini.

"Mwadila, baba," akaitikia, na machozi yakamtoka.

Mjomba akakaa chini pale pale nje ya uzio, naye akalia.